Majeruhi wa Mpakani na Kiasi cha Mionzi

Mtu anayesimama asubuhi katika kituo cha mpakani cha Busia, mahali ambapo Kenya na Uganda hukutana, huona misafara miwili ikipita mbele yake. Msafara wa kwanza ni wa matrela yatokayo Mombasa na Nairobi, yamesheheni shehena, yakielekea Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo. Msafara wa pili ni wa pikipiki za bodaboda, zimebeba mama na mtoto, gunia la mahindi, kuku, au abiria watatu kwa mpigo. Misafara hiyo miwili hutumia barabara moja. Na pale inapogongana, huzaliwa msafara wa tatu, usio na shangwe: ule wa majeruhi wanaokimbizwa hospitalini.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo linalompata majeruhi huyo akishafikishwa hospitalini na kulazwa ndani ya mashine ya CT, ile mashine kubwa yenye tundu la duara ambayo hukipiga kichwa au kiwiliwili picha za vipande vipande. Mashine hiyo huokoa maisha. Lakini hufanya kazi yake kwa mionzi, na mionzi ni kama moto wa jikoni: ukiwa mdogo chakula hakiivi, ukizidi huunguza. Swali ni hili: binadamu wamejifunzaje, kwa muda wa zaidi ya miaka 100, kuupima moto huo? Na je, mafunzo hayo yamefika Busia na Tororo?

Hatuna budi kuanza na mpaka wenyewe. Mpaka huu haukuumbwa na Mungu wala haukuchorwa na wazee wa Wasamia au Waiteso. Mwezi Aprili mwaka 1902, serikali ya Kiingereza iliuhamisha mkoa wote wa mashariki wa Uganda ya wakati ule, ikautia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa mpigo mmoja wa kalamu, watu wa ukoo mmoja wakawa raia wa nchi mbili. Ndugu walibaki ndugu. Masoko yalibaki masoko. Wafu waliendelea kuzikwa kwa matanga ya pande zote mbili. Lakini serikali zikawa mbili, na kadiri miaka ilivyopita zikawa mbili pia hospitali, sheria na daftari za wagonjwa.

Ni katika mpaka huo ndipo neno bodaboda lilipozaliwa. Baina ya kizuizi cha Kenya na kizuizi cha Uganda palikuwa na mwendo wa kutembea. Kuanzia miaka ya 1960, vijana wenye baisikeli walianza kuwabeba wasafiri na mizigo yao kutoka mpaka hadi mpaka, wakiwaita kwa neno la Kiingereza la mpaka walilolitamka mara mbili kwa lafudhi ya kwao. Nchi ya Busia ni tambarare, na baisikeli iliteleza vizuri. Biashara hiyo ikaenea Malaba, Tororo na kwingineko, na ilipofika miaka ya 1990 na ile iliyofuata, baisikeli ilianza kuipisha pikipiki. Mwaka 2008 Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, nazo zikafurika vijijini. Ajira ikapatikana kwa maelfu ya vijana, na mjamzito akapata usafiri wa usiku ambao hakuwa nao. Hata hivyo, baisikeli ikianguka huchubua goti. Pikipiki ikianguka huvunja fuvu.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuiache Busia kidogo, twende Ujerumani. Tarehe 8 Novemba mwaka 1895, katika mji wa Würzburg, mwalimu wa fizikia aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen aliona mwanga wa ajabu ambao ulipenya karatasi nyeusi. Kwa kuwa hakuujua ulikuwa kitu gani, aliuita kwa herufi ambayo wanahisabati huitumia kwa jambo lisilojulikana. Ndiyo asili ya jina eksirei. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete ikionekana wazi.

Wasikilizaji wengi hawajui kwamba majeraha ya Afrika yalikuwa miongoni mwa majeraha ya kwanza ya vita kutazamwa kwa mwanga huo. Tarehe 1 Machi 1896 majeshi ya Ethiopia yaliwashinda Wataliano huko Adwa. Mwezi Mei mwaka ule ule, katika hospitali ya jeshi mjini Naples, daktari aitwaye Giuseppe Alvaro alitumia eksirei kutafuta risasi zilizokuwa zimebaki katika miili ya askari waliojeruhiwa katika vita hivyo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1898, jeshi la Kiingereza lilipokuwa likipigana Sudan, Meja John Battersby aliweka mashine ya eksirei huko Abadieh, kando ya Mto Nile. Umeme haukuwapo jangwani. Basi akachukua baisikeli ya watu wawili, akaiunganisha na dainamo, na askari wakaikanyaga kwa zamu kuzijaza betri zake. Kwa hiyo, zaidi ya nusu karne kabla ya vijana wa Busia kuanza kubeba abiria, baisikeli ilikwisha kutumika katika bonde la Nile kuwasaidia majeruhi.

Furaha hiyo ya mwanzo ilikuwa na upofu wake. Kwa kuwa mwanga haukuonekana na wala haukuumiza papo hapo, watu waliuchezea. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison huko Marekani, alikuwa na desturi ya kuijaribu mirija ya eksirei kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ikavimba, ikaoza, ikakatwa. Na mwaka 1904 alikufa kwa saratani. Edison aliogopa, akaiacha kabisa kazi hiyo. Mwaka 1936, mjini Hamburg, nguzo ya kumbukumbu ilisimamishwa kando ya Hospitali ya St. Georg, ikiwa na majina 169 ya madaktari, wanasayansi na wauguzi wa nchi mbalimbali waliokufa kwa sababu ya mionzi waliyoitumikia. Majina mengine yaliongezwa baadaye.

Vifo hivyo ndivyo vilivyozaa nidhamu. Mwaka 1928, wataalamu waliokutana mjini Stockholm waliunda kamati ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi. Mwaka 1977 kamati hiyo, kwa jina lake jipya la tume, ilitangaza mwongozo ambao hadi leo ndio msingi wa sheria za nchi nyingi. Mwongozo huo una nguzo tatu. Ya kwanza, mionzi isitumike pasipo sababu yenye faida inayozidi madhara. Ya pili, ikitumika, kiasi chake kiwe kidogo kadiri iwezekanavyo kwa kazi iliyokusudiwa. Ya tatu, wafanyakazi na umma wawekewe ukomo. Lakini kwa mgonjwa ukomo haukuwekwa, kwa kuwa huwezi kumwambia mtu anayevuja damu ndani ya fuvu kwamba mgawo wake wa mwaka umekwisha. Kinga ya mgonjwa iliachwa juu ya zile nguzo mbili za kwanza, yaani juu ya akili na dhamiri ya yule anayeagiza picha na yule anayeipiga.

Wakati huo mashine mpya ilikwisha kuingia duniani, nayo pia ina mizizi katika bara letu. Mwaka 1956 kijana mmoja mwanafizikia, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliombwa kusimamia shughuli za mionzi kwa muda katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Akiwa pale alijiuliza: mionzi ikipitishwa mwilini kutoka pande nyingi, je, hisabati haiwezi kutuambia kilichomo ndani, kipande kwa kipande? Alitoa majibu yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyemjali. Huko Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI alilifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe, akaunda mashine. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mashine hiyo ilipiga picha ya ubongo wa mgonjwa wake wa kwanza, mwanamke aliyedhaniwa kuwa na uvimbe. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kabla ya hapo, daktari aliyepokea majeruhi wa kichwa alikuwa kama mtu anayepapasa gizani. Picha ya kawaida ya eksirei ilimwonyesha fuvu, haikumwonyesha damu iliyoganda chini yake. Mara nyingi alilazimika kutoboa fuvu kwa kubahatisha. Mashine ya CT ilimwonyesha damu iko wapi na ni kiasi gani. Ni haki kusema kwamba katika mambo ya majeraha ya kichwa, historia ya tiba ina enzi mbili tu: kabla ya CT na baada ya CT.

Lakini uwezo huo una bei. Picha moja ya kawaida ya kifua humpa mtu mionzi isiyozidi sehemu moja ya kumi ya milisiveti, kipimo kilichopewa jina la mwanasayansi wa Sweden, Rolf Sievert. Picha ya CT ya kichwa hutoa kama milisiveti 2. Ile ya tumbo na nyonga hutoa kama milisiveti 8 hadi 10. Na majeruhi akipigwa picha kutoka kichwani hadi nyonga kwa mkupuo, kama ilivyo desturi katika hospitali nyingi kubwa za ulimwengu, hupokea mara nyingi kati ya milisiveti 10 na 25. Ili tupate mizani, tukumbuke kwamba kila mwanadamu hupokea kwa wastani kama milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Basi majeruhi huyo hupokea kwa dakika chache mionzi ambayo maumbile yangempa kwa miaka minne hadi kumi.

Je, hiyo ni sumu ya kuua? La hasha! Kiasi hicho hakiunguzi ngozi wala hakiangushi nywele. Hofu yake ni ya mbali: huongeza kidogo uwezekano wa kupata saratani baada ya miaka mingi. Na hofu hiyo ni kubwa zaidi kwa mtoto, kwa maana seli zake zinagawanyika kwa kasi, na umri alio nao mbele yake ni mrefu wa kutosha kwa ugonjwa kuchipua.

Ulimwengu ulichelewa kulitambua jambo hili. Mwaka 2007, wanasayansi David Brenner na Eric Hall wa Chuo Kikuu cha Columbia walitoa onyo lililosomwa sana. Mwaka 2009 iligundulika kwamba katika hospitali moja ya Los Angeles, wagonjwa zaidi ya 200 waliopigwa picha maalumu za ubongo walikuwa wamepewa kiasi cha mionzi mara nane ya kilichokusudiwa, kwa sababu mashine ilitegwa vibaya. Kosa hilo liliendelea kwa miezi 18 bila kugunduliwa, hadi mgonjwa alipoanza kunyonyoka nywele. Tuzingatie mahali lilipotokea: katika mji wa nchi tajiri, penye wataalamu wengi.

Mwaka 2012 ukatoka uchunguzi wa Uingereza, uliowafuatilia vijana na watoto zaidi ya 178,000 waliopigwa picha za CT kati ya mwaka 1985 na 2002. Waliopokea mionzi mingi zaidi walipata saratani ya damu na uvimbe wa ubongo mara kama tatu zaidi ya waliopokea kidogo. Hata hivyo wachunguzi walikuwa waangalifu: kwa watoto 10,000 wa chini ya miaka kumi waliopigwa picha moja ya kichwa, walikadiria kwamba mmoja zaidi angepata saratani ya damu, na mmoja zaidi uvimbe wa ubongo, katika miaka kumi iliyofuata. Mwaka 2023 uchunguzi mkubwa zaidi, wa nchi tisa za Ulaya na watu karibu 950,000, ulithibitisha uhusiano huo kwa saratani za damu. Hatari ipo, ndogo kwa mmoja mmoja, lakini kubwa ukihesabu mamilioni.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wa nchi 19 zinazoendelea, ulioandaliwa chini ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na kuongozwa na mwanasayansi wa Tanzania, Wilbroad Muhogora. Ulionyesha kwamba katika Afrika, watoto walikuwa asilimia 20 ya wote waliopigwa picha za CT, hali katika Ulaya ya Mashariki walikuwa asilimia 5 tu. Si ajabu, kwani bara letu ni la watoto na vijana. Lakini uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine la kusikitisha: vituo 11 katika nchi sita vilikuwa vinawapiga watoto picha kwa mitego ile ile ya watu wazima. Mtoto wa kilo 15 alikuwa akipewa moto wa mtu wa kilo 70. Hapakuwa na uovu hapo. Palikuwa na mashine iliyofika ikiwa imetegwa kiwandani, na mtumishi ambaye hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuitegua.

Ndugu msikilizaji, habari njema ni kwamba tiba ya tatizo hili inajulikana, na sehemu kubwa yake haihitaji fedha nyingi. Hatua ya kwanza ni kuuliza kabla ya kupiga. Mwaka 2001 madaktari wa Kanada walitoa kanuni ya kuamua ni majeruhi gani wa kichwa anayehitaji picha na yupi asiyehitaji. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani Kaskazini, baada ya kuwachunguza watoto 42,412 waliogonga vichwa, walitoa kanuni kama hiyo kwa ajili ya watoto. Daktari hutazama: je, mtoto ana fahamu timamu? Alizimia? Anatapika? Kuna dalili ya kupasuka kitako cha fuvu? Ajali ilikuwa ya kishindo? Iwapo majibu yote ni mema, picha haihitajiki. Iwapo kuna shaka kidogo, mtoto aweza kulazwa na kuangaliwa kwa saa chache. Kanuni hiyo huhitaji saa ya ukutani, muuguzi makini na kalamu.

Tumbo nalo laweza kutazamwa kwanza kwa ultrasaundi, ambayo haitumii mionzi hiyo hata chembe, na huonyesha upesi kama damu imejaa ndani. Na ile desturi ya kumpiga kila majeruhi picha mwili mzima ilipimwa katika hospitali za Uholanzi na Uswisi, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2016: katika wagonjwa 1,083 waliojeruhiwa vibaya, waliopigwa mwili mzima mara moja hawakufa wachache kuliko waliopigwa sehemu zilizochaguliwa na madaktari. Desturi hiyo inawafaa baadhi ya majeruhi, si kila aliyeanguka kwenye pikipiki.

Hatua ya pili ni kupiga kwa kiasi. Nguvu ya mionzi ilingane na unene wa mgonjwa. Mgonjwa awekwe katikati kabisa ya tundu. Akipigwa kifua na tumbo, mikono iinuliwe juu ya kichwa kama majeraha yanaruhusu, kwani mikono iliyolala ubavuni huilazimisha mashine kuongeza mionzi. Picha ianzie pale penye haja na kuishia hapo. Asipigwe mara mbili, kabla na baada ya dawa ya kung'arisha mishipa, ikiwa mara moja inatosha. Mashine mpya zina uwezo wa kupunguza mionzi zenyewe, na kompyuta zake hujenga picha safi kutokana na mionzi michache kwa kukadiria na kusahihisha tena na tena. Ajabu ni kwamba njia hiyo inafanana na ile aliyoianza Hounsfield mwenyewe. Iliachwa kwa kuwa kompyuta za zamani zilikuwa goigoi, ikarudi zilipopata kasi.

Hatua ya tatu ndiyo inayowagusa zaidi watu wa mpakani, nayo ni hii: usirudie picha iliyokwisha kupigwa. Tuchukue mfano wa kijana mwenye mke Tororo na shamba Busia ya Kenya. Ameanguka usiku. Wasamaria wema wanampeleka katika hospitali iliyo karibu, ng'ambo yoyote ile. Anapigwa picha ya kichwa. Jeraha ni zito. Hana budi kupelekwa mbele. Akiwa Tororo atapelekwa Mbale au Kampala. Akiwa Busia ya Kenya atapelekwa Kisumu au Eldoret. Na huenda jamaa zake, kwa sababu za fedha au za ukoo, wakaamua kumvusha mpaka. Anafika hospitali ya pili na karatasi yenye mistari mitatu ya mwandiko usiosomeka. Picha zimebaki nyuma, ndani ya kompyuta isiyoongea na kompyuta nyingine. Daktari wa pili afanye nini? Anaagiza picha upya. Fedha zinalipwa mara mbili, saa moja ya thamani inapotea, na mionzi inaingia mwilini mara ya pili bila kuleta habari mpya.

Mwezi Februari mwaka 2018, Marais wa Kenya na Uganda walikutana Busia kufungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani. Maana ya kituo hicho ni rahisi: trela likifika halikaguliwi tena mara mbili. Maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na karatasi za mzigo husafiri pamoja na mzigo. Hilo ni jambo jema, tena la kupongezwa. Lakini tujiulize kwa unyofu: ikiwa tumeweza kukubaliana kwamba shehena ya saruji ikaguliwe mara moja tu, twashindwaje kukubaliana hivyo kuhusu ubongo wa binadamu? Santuri moja ya kompyuta, yenye gharama ndogo kuliko nauli ya bodaboda ya kutwa, inaweza kubeba picha zote za majeruhi. Ikifungwa pamoja na barua ya rufaa, ikaandikwa tarehe, sehemu ya mwili na kiasi cha mionzi, daktari wa pili ataanza kazi pale alipoishia wa kwanza.

Sheria si kikwazo. Kenya ilikuwa na sheria ya kinga dhidi ya mionzi tangu mwaka 1982, na mwaka 2019 iliunda mamlaka mpya ya kuisimamia kazi hiyo. Uganda ilipitisha Sheria ya Nishati ya Atomiki mwaka 2008 na kuunda baraza lake. Tanzania nayo ina tume yake. Mwezi Februari mwaka 2015, wataalamu wa picha za tiba wa Afrika nzima walipokutana Nairobi, walianzisha kampeni yao ya usalama wa mionzi iitwayo AFROSAFE. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi mwaka 1999, umeitaja afya miongoni mwa mambo ya kushirikiana. Kilichobaki ni desturi: hospitali mbili za mpakani zikubaliane, waganga wakuu wapigiane simu, mafundi wa eksirei wa pande mbili wakutane na kulinganisha mitego yao. Wazee wao walikutana kwenye matanga na arusi bila kungojea mkataba.

Hapa hatuna budi kutoa tahadhari. Yote tuliyosema yasimfanye mtu kuikimbia mashine. Yatakuwa makosa makubwa mzazi akimnyima mtoto aliyezimia picha ya kichwa kwa hofu ya saratani ya miaka ishirini ijayo, kisha mtoto huyo afe usiku ule ule kwa damu iliyoganda. Katika sehemu nyingi za nchi zetu, taabu ya kwanza ya majeruhi bado ni kuikosa mashine, au kuikuta imeharibika, au kushindwa kuilipia. Kenya ilianza mwaka 2015 mpango wa kukodi vifaa vya tiba kwa ajili ya hospitali za kaunti, na Uganda katika miaka ya 2020 ikaanza kuweka mashine za CT katika hospitali zake za rufaa za mikoa. Kazi hiyo iendelee. Lakini serikali inayonunua mashine pasipo kumfundisha mtumishi na kumwajiri mwanafizikia wa kuipima, imenunua nusu ya mashine. Nusu iliyobaki ndiyo ile iliyokosekana katika vituo 11 vya uchunguzi wa mwaka 2010.

Na mwananchi naye anayo sehemu yake. Ana haki ya kuuliza kwa heshima: daktari, picha hii ni ya lazima? Mwanangu mashine imetegwa kwa kimo chake? Naweza kupata nakala niende nayo? Daktari mwenye adabu hatakasirika. Atafurahi kupata mgonjwa mwenye kujali.

Tena iko kinga iliyo kubwa kuliko zote, nayo haimo hospitalini. Kofia ngumu ya pikipiki, kwa mujibu wa tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi, hupunguza majeraha ya kichwa kwa kama asilimia 69 na vifo kwa kama asilimia 42. Mionzi iliyo salama kuliko yote ni ile ambayo haikuhitajika kwa sababu kichwa hakikupasuka. Busia iliipa dunia neno bodaboda. Ingefaa pia iwe mji wa kwanza ambamo abiria hapandi bodaboda pasipo kofia.

Wahenga walisema, kawia ufike. Waanzilishi wa eksirei walikimbia, na majina yao yameandikwa kwenye nguzo ya Hamburg. Sisi tuliochelewa kuipata mashine tunayo bahati moja: tumeyakuta makosa yakiwa yamekwisha kufanywa na kuandikwa. Hatutakuwa na udhuru tukiyarudia kwa watoto wetu.